Herufi tano, sawa. Zimekaa wapi?

Shikamoo mwalimu. Naomba maneno yote ya Kiingereza ya herufi 5 yenye A na E.

Marahaba. Yote? Ni mamia kwa mamia, na hata ningekuandikia yasingekufaa kitu. Swali hili nalipata kila mara, na kila mara limekosa kitu kilekile: mahali. A ni ya ngapi? E iko mwisho au katikati? Zipi mchezo umeshazikataa? Niambie A ni ya tatu, E ya mwisho, na L, R, S na T hazimo. Hapo tunazungumza: knave, quake, chafe, peace, image, evade, awake na mengine machache. Mamia yamegeuka orodha ya kushika kichwani, na wala hukuhitaji kuniandikia.

Kuanza Wordle, ule mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno la Kiingereza la herufi 5, na "adieu" ni sawa?

Wanaolipenda wanalipendea irabu zake nne. Mimi silipendi. Irabu zinakupa moyo tu. Anayekufungulia fumbo ni konsonanti. Katika orodha ya kwanza ya majibu ya mchezo huo, yenye maneno 2,315, herufi zinazotokea zaidi ni E, A, R, O na T. U iko nyuma sana. Anza na slate au crane. Na S usiikimbilie mwisho wa neno, maana wingi wa kawaida wa S karibu wote waliuondoa kwenye majibu.

Kuna neno la herufi 5 lisilo na irabu hata moja?

Yapo: nymph, crypt, lymph, tryst, glyph, na myrrh, yaani manemane. Y ndiyo inayobeba kazi ya irabu humo. Sisi tumezoea silabi kuishia na irabu, ndiyo maana jicho letu hupita juu ya maneno haya kama hayapo. Ukitaka la kuwashangaza wenzako lipo crwth, ala ya muziki ya nyuzi ya watu wa Wales. W yake husomeka kama U yetu.

Nimebaki na Q kwenye Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno kwa vigae vya herufi, na sina U. Nifanyeje?

Kwanza qi, neno la herufi 2 ambalo mchezaji wa Scrabble asipolijua anajidhulumu mwenyewe, maana Q peke yake ina pointi 10.

Kwa herufi 5, msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Faqir ni fakiri. Niqab ni nikabu. Talaq ni talaka, qibla ni kibla, na qadis ni makadhi. Yote yametoka Kiarabu, kwenye ile sauti nzito ya kooni. Sisi tukaiandika K, wao wakaiandika Q bila kuifuatisha na U. Kwa hiyo unapokwama, usikodolee macho vigae vyako. Pitisha akilini maneno yetu yenye asili ya Kiarabu na K ndani yake, uone lipi linakubali.

Ila usichangamke ukadhani kila K yetu ni Q yao. Kahawa nayo kwa Waarabu huanza na sauti hiyohiyo, lakini Waingereza waliipata kupitia kwa Waturuki na Waholanzi, ikawafikia imeshakuwa coffee. Na mkubaliane kamusi kabla ya kuchomoa vigae: orodha ya wachezaji wa Amerika Kaskazini na ile ya Collins inayotumiwa na wengi kwingineko hazilingani. Nimeona mchezo mtamu ukivunjika kwa neno moja, limo huku na halimo kule.

Favor ina herufi 5 au 6?

Marekani 5, Uingereza 6 kwa sababu ya U. Januari 2022 neno hilo lilikuwa jibu la Wordle na Waingereza wakapiga kelele. Wordle hufuata tahajia ya Marekani. Ukilijua hilo, humor na color hazitakusumbua.

Kwenye Wordle nilikuwa na -IGHT ya kijani, yaani herufi ziko mahali pake, na nafasi tatu za kubahatisha. Nikaandika light, night, might. Nikakosa. Nilikosea wapi?

Hukukosea herufi, ulikosea hesabu. Maneno ya kawaida hapo ni manane: eight, fight, light, might, night, right, sight, tight. Ukibahatisha mara tatu umefunika matatu. Badala yake toa nafasi moja sadaka, andika ferns. Najua si jibu, na ndiyo maana yake! F, E, R, N na S zinapimwa kwa mkupuo. Ikiwaka yoyote, jibu unalo. Isipowaka hata moja, yamebaki light, might na tight, nawe una nafasi mbili. Umefunika saba kati ya manane. Kwenye hali ngumu ya mchezo mbinu hii imefungwa, kwani unalazimishwa kutumia kila herufi iliyokwisha kuonekana. Anayechagua hali ngumu kwa kujionyesha asinililie.

Nitumie orodha ya maneno ya herufi 5 nimkaririshe mwanangu apate msamiati.

Hapana. Idadi ya herufi si ukoo. Mfundishe night, light, right na eight pamoja, umwambie ile GH ilikuwa ikitamkwa zamani, na Wajerumani mpaka leo wanasema Nacht, Licht, recht, acht. Hatasahau tahajia hiyo. Kisha mwonye kuhusu delight, ambalo si wa ukoo huo: lina asili ya Kilatini, na GH limeazima kwa kuiga light.

Mwalimu, maneno ya herufi 5 yenye O na R?

O ya ngapi?