Kwenye saratani ya tezi dume, usiishie kuuliza PSA tu

Juzi niliandika mistari miwili tu, kwamba PSA yangu, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka tena, nikamshukuru Mungu, nikanyamaza. Simu ikajaa ujumbe. Mmoja umenikaa moyoni. Ni wa binti ambaye baba yake ana saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa. Aliandika hivi: "Shikamoo baba. Daktari amesema mzee apimwe vinasaba, ila kaka zangu wamekataa. Wanasema hela iende kwenye dawa, siyo kwenye kuchokonoa ukoo. Wewe ulipimwa. Kilikusaidia nini?"

Marahaba, mwanangu. Kilinisaidia kupata dawa ninayomeza sasa hivi. Mzee apimwe. Kaka zako wakitaka kugomba, waje wagombe na mimi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini najua wengi mnaosoma hapa mnataka kile nilichokitaka mimi: kutibiwa kwa kujua, siyo kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine huku mwili unakwisha. Kwa hiyo acha nisimulie.

Mimi nilianzia wanakoanzia wengi. Mkojo ukawa wa kukatikakatika, nikapimwa PSA, nikatolewa vinyama kwenye tezi, majibu yakaja na alama ya Gleason 9, yaani saratani kali, maana alama hiyo inaishia 10, na picha ikaonyesha mifupa ya nyonga imeguswa. Nikaanzishiwa sindano za kushusha homoni za kiume. PSA ikaporomoka, mwili ukanenepa, jasho la usiku likawa la kawaida, maisha yakaenda. Kipindi hicho hakina la kusimulia. Mambo yaligeuka pale PSA ilipoanza kupanda wakati testosteroni yangu, hiyo homoni ya kiume, iko chini kabisa. Maana yake ugonjwa ulikuwa umeshajifunza kuishi bila homoni. Nikaongezewa vidonge vikali zaidi vya kuzuia homoni, vikashikilia kwa muda, navyo vikaachia.

Hapo ndipo nikahamishiwa kwa daktari mwingine, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Faili langu lilikuwa nene, hakulifungua. Alichukua karatasi nyeupe na kalamu, akachora mraba. "Huyu ni wewe." Juu yake akachora mraba mwingine na duara: baba na mama. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari. Mwenye saratani anajazwa wino. Akaanza kuniuliza mmoja mmoja.

Upande wa baba tuliumaliza upesi. Hakuna ninayemjua aliyeugua tezi dume. Nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kuitafuta fimbo yangu.

"Bado upande wa mama," akasema.

"Daktari, mama hana tezi dume."

Akatabasamu. "Lakini alikupa nusu ya jeni zako."

Basi tukaanza. Mama mdogo, saratani ya titi, alifariki watoto wake wakiwa bado wadogo. Duara, mstari, wino. Dada yake bibi, uvimbe wa tumbo, ambao wanawake wa nyumbani walikuwa wakinong'ona kwamba ni wa ovari, mfuko wa mayai ya uzazi. Mjomba, kongosho. Karatasi ilijaa wino upande mmoja tu, na mimi nikakaa sawasawa kwenye kiti. Mambo hayo nilikuwa nayajua miaka yote, ila hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Madaktari wote walionipitia kabla ya hapo waliuliza swali moja, "Baba yako aliugua tezi dume?", nikajibu hapana, wakaandika hapana. Hilo linaniuma hadi leo, na sijifichi kusema.

Kuna jeni inaitwa BRCA2. Wengi wameisikia kwenye habari za saratani ya matiti. Kazi yake ni kusaidia seli kuunga DNA, ule uzi unaobeba vinasaba, inapokatika. Nakala mbovu inaweza kurithiwa kwa baba au kwa mama vilevile, na kila mtoto wa mwenye nayo ana uwezekano wa asilimia 50 kuichukua, awe wa kike au wa kiume. Kwa mwanamke inaongeza hatari ya saratani ya titi na ovari. Kwa mwanamume inaongeza hatari ya tezi dume, tena mara nyingi ile ya kukimbia haraka. Kongosho nayo imo.

Siyo jambo la watu wachache kama tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima wanaume 692 ambao saratani yao ya tezi dume ilikuwa imeshasambaa. Asilimia 11.8 walikutwa na hitilafu za kurithi kwenye jeni za kurekebisha DNA, BRCA2 ikiongoza, halafu ATM, CHEK2 na nyingine. Na kaka zako wasomee hili, binti yangu: kuwa na ndugu mwenye saratani ya tezi dume au kutokuwa naye hakukubadili kiwango hicho. Kwa hiyo "kwetu hakuna ugonjwa huo" siyo sababu ya kukataa. Ugonjwa ukishasambaa, omba kipimo.

Vipimo viko vya aina mbili, na watu huvichanganya. Cha kwanza hutumia damu au mate na kutafuta ulichozaliwa nacho. Cha pili hupima uvimbe wenyewe, maana saratani inaweza kuharibu jeni zake baadaye bila wewe kurithi chochote. Ukipimwa kimoja, uliza na cha pili. Mimi kile cha uvimbe kiligoma mara ya kwanza. Vile vinyama vyangu vya zamani, vilivyohifadhiwa kwenye nta, DNA yake ilikuwa imechoka. Wakataka kunyofoa kipande kwenye mfupa, daktari wangu akawapigia simu mbele yangu: "Msikiloweke kwenye asidi." Kumbe mfupa huwa unalainishwa kwa asidi ili ukatike vizuri, na asidi hiyo inaharibu DNA. Kipande kikishaharibika hivyo, umechomwa bure. Uliza kabla hujalala kitandani.

Majibu ya damu yakarudi: BRCA2, hitilafu ya kurithi. Sikulia. Nilishusha pumzi, kwa sababu angalau adui alikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa na dawa. Olaparib iliidhinishwa Marekani Mei 2020 kwa wanaume wa aina yangu, ambao vidonge vya kisasa vya kuzuia homoni vimeshindwa kuwasaidia na jeni za kurekebisha DNA zina hitilafu. Inafunga protini iitwayo PARP, ambayo nayo ni fundi wa DNA. Seli ya saratani iliyokwisha kupoteza BRCA2, PARP nayo ikifungwa, haina pa kushika, inakufa. Seli zangu nzima bado zina nakala moja nzuri, kwa hiyo zinavumilia.

Zinavumilia, sikusema zinafurahia. Damu ilinipungua nikaongezewa, kichefuchefu kikaninyima raha, na uchovu ule haufanani na uchovu wa kazi. Dozi ikapunguzwa. PSA ikashuka, maumivu ya nyonga yakatulia, fimbo nimeiacha nyumbani. Sijapona, na mtu asiwadanganye kwamba kidonge hiki kinaponya. Lakini waliosema nimekwisha sasa wananiona natembea. Nasema hivyo kwa makusudi, wao wanajijua.

Na siyo kila anayepimwa anapata nilichopata. Kuna mzee tulikuwa tunakaa naye foleni, majibu yake hayakuonyesha chochote, akaendelea na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Kwake nako kipimo kilifanya kazi: aliepushwa na dawa ambayo huenda isingemfaa. Wengine huandikiwa kwamba kuna badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Hilo usilibebe kama hukumu, na usibadilishiwe matibabu kwa ajili yake. Watu wenye asili ya Afrika tunakutana nalo zaidi kwa sababu kumbukumbu nyingi za vinasaba zimejengwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana nasema tupimwe. Tusipopimwa, tutaendelea kuwa watu wasiojulikana kwenye ripoti zetu wenyewe.

Sasa habari ya ukoo. Niliwaita ndugu zangu wa tumbo moja, nikawasomea majibu. Dada yangu mdogo aliomba kalamu, akaandika jina la jeni kwenye kiganja, na baadaye akapimwa. Anayo. Sasa yuko kwenye uangalizi wa matiti na wamemweleza habari ya kutoa ovari. Anaamua mwenyewe. Kaka yangu mkubwa alisimama akasema, "Ugonjwa wako usituuzie sisi," akaondoka. Hajanipigia simu tangu siku ile. Ana wavulana watatu. Mwanamume mwenye BRCA2 mbovu hushauriwa kuanza kupimwa PSA akiwa na miaka 40, na wawili kati yao wameshaivuka.

Wanaume, tuache kiburi hiki. Tunaficha ugonjwa kwa kuogopa kusemwa, kisha watoto wanazika mmoja mmoja wakidhani ni kurogwa. Anayekataa kujua hakatai kwa niaba yake peke yake, anawakatalia na binti zake. Kama kaka hataki kusikia, wapwa zako wana masikio. Mimi wa kwangu nimeshawaandikia wote watatu, na baba yao akichukia, achukie.

Ila usiwaambie tu "kuna jeni mbaya kwetu." Omba nakala ya ripoti iliyoandika jina la jeni na badiliko lenyewe herufi kwa herufi, uwagawie. Maabara itakayowapima itaitaka, kwa sababu ikijua badiliko gani linatafutwa inakwenda moja kwa moja kwenye hilo. Na penye bima ya maisha, waulize masharti yake kabla ya kutoa damu. Hata Marekani, sheria yao ya mwaka 2008 ya kuzuia ubaguzi wa vinasaba inagusa bima ya afya na ajira, bima ya maisha haimo.