Geji za ziada kwenye Datsun 240Z: nitoboe wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, niko Mtwara mjini. Nataka kuongeza geji tatu: presha ya oili, joto la maji na volti, kwa sababu zile za kiwandani siziamini tena. Fundi wangu anataka azipange kwenye nguzo ya kioo cha mbele, au atoboe dashibodi kwa juu. Wapi panafaa?

JIBU: Marahaba. Drili isiguse dashibodi hiyo. Za 240Z zinapasuka zenyewe kwa jua, ukizitoboa umeupa ufa pa kuanzia. Nguzoni nako sipataki, geji zitakuziba usione bodaboda anayetokea pembeni. Kata bati la alumini la milimita 2, likunje, lifunge chini ya dashibodi, katikati, kwa skrubu zilizopo, nyuso zimwelekee dereva. Geji nyingi za ziada ni za kipenyo cha milimita 52, tatu zinaenea vizuri. Kabla ya kukaza, zungusha kila moja mpaka mshale ukiwa kwenye hali ya kawaida usimame wima. Madereva wa mashindano hufanya hivyo: husomi namba, unaona tu mshale uliolala. Na gari lako ni la ukoo huo, lilichukua Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973.

Hilo la mahali limekwisha. Kinachonichosha ni kwamba kila anayekuja ananiuliza uso wa geji ukae wapi, na hakuna anayeuliza sensa inakaa wapi.

Geji ya joto inapima kile tu kinachogusa ncha ya sensa. Niliwahi kuletewa gari limevutwa kutoka mlima wa Newala, hedi imepinda, mwenyewe anaapa mshale ulikuwa chini muda wote. Hakusema uongo. Hozi ilipasuka, maji yakaisha, sensa ikabaki kwenye hewa tupu na mshale ukashuka huku injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla mlimani, simama kama vile ungesimama mshale ukipanda.

Sensa ya maji ifungwe kwenye nyumba ya thermostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ilipo ya kiwandani. Wako wanaokata hozi ya rejeta na kupachika kipande cha chuma chenye tundu la sensa. Kipande hicho kimeshikwa na mpira pande zote mbili, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, kitaipata wapi? Lazima kiwe na waya wake hadi kwenye injini. Hata sensa iliyofungwa kwenye chuma hukosa ethi fundi akiizungushia tepu nyeupe ya mabomba mizunguko kumi. Halafu geji inasoma upuuzi, anakwambia ni feki, unanunua nyingine. Na huyo huyo ndiye atakayekushauri uchomoe thermostati ili gari lipoe. Mwache aende zake.

Ya oili ina tundu lake kwenye bloku, karibu na filta. Sensa za ziada ni nzito; ukiining'iniza kwenye kiungo cha shaba, mtikisiko wa injini utakikata shingo siku moja na oili yote itamwagika barabarani. Tumia hozi fupi ya presha, sensa uifunge kwenye bodi, na uipe waya wa ethi. Kama geji ni ya kimekanika, ile inayoletewa oili yenyewe hadi ndani, kataa mrija wa plastiki. Wangu ulipasuka nikikaribia Mingoyo, oili ya moto ikanimwagikia mguuni kwenye kanyagio.

Lakini kabla hujanunua chochote, zipime hizo usizoziamini. Chumvi ya bahari inakula viungo vya ethi huku kwetu, vikwangue kwanza kwa msasa. Kisha chomoa sensa ya maji, ifunge waya mmoja kutoka mwilini mwake hadi hasi ya betri, waya wake wa geji ubaki palepale, uichovye ncha kwenye sufuria ya maji yanayochemka, switi ikiwa imewashwa. Mtwara tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100, hivyo utajua hapo hapo mshale unasema kweli au la. Nimewarudisha watu nyumbani na geji zao za zamani baada ya jaribio hilo, na pesa yao mfukoni.

Ile ya volti haina shida: waya wenye fyuzi kutoka kwenye switi, ethi safi, basi.

Na kuna wanaotaka geji ya presha ya petroli iingie nao ndani. Geji ya kimekanika ya petroli inakaa kwenye injini, au nje ya kioo, haivuki ukuta wa moto, ule unaotenga injini na abiria. Kama kuna aliyekwisha kukupitishia mrija wa petroli chini ya dashibodi, gari hilo usiliwashe mpaka utolewe.