Kabla Hujampa Fundi Picha ya Babu

Mwaka juzi nilifanya kosa ambalo sitaki nawe ulifanye. Nilichukua picha pekee iliyobaki ya nduguye babu, nikaipeleka dukani isafishwe kwa kompyuta. Ikarudi imeng'ara, uso laini kama wa bwana harusi, mikwaruzo yote imekwenda. Na begani, palipokuwa na vyuma vidogo vya herufi, fundi aliacha kaki tupu. Kwake yeye vile vyuma vilikuwa uchafu.

Bahati yangu picha yenyewe nilikuwa ningali nayo. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: isome picha kwanza, urembo baadaye. Na hata ukiisafisha, fanyia kazi nakala.

Kwetu Majengo, Mombasa, hadithi ya mzee huyu ilikuwa fupi. Alikuwa Keya, akaenda Burma, hakurudi. Nyanya akisema hivyo alifunga mdomo, na sisi tukifunga. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba kwa wazee wetu karibu kila aliyevaa kaki ya Mwingereza aliitwa Keya, kama vile sabuni ya unga yoyote inavyoitwa Omo. Keya hasa ni KAR, kikosi cha King's African Rifles kilichoundwa 1902. Lakini walikuwako pia madereva, wapagazi, wauguzi, wapiga mizinga, watu wa kuchimba barabara. Neno askari nalo lina mtego wake: anaweza kuwa polisi, wa jela au wa forodha. Kwa hivyo hadithi ya nyumbani isikilize kwa heshima, halafu iweke kando kidogo.

Geuza picha. Nyuma ya yetu palikuwa na mistari miwili ya penseli kwa herufi za Kiarabu, na miaka yote tuliamini ni dua. Nilimpelekea maalimu mmoja mzee wa Mji wa Kale. Akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani, akacheka: "Hiki ni Kiswahili, mwanangu." Iliandikwa: mpeni mama, mimi ni mzima. Chini yake, Mfungo Nne 1363.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mfungo Nne ndio Muharram, na kwa mwaka huo ulianguka kati ya mwisho wa Disemba 1943 na mwisho wa Januari 1944. Kama familia yako ni ya pwani, usiichukulie tarehe kuwa ya kizungu mpaka uhakikishe, na usidhani kila herufi ya Kiarabu ni Kiarabu.

Wewe huenda usiwe na maandishi, basi mavazi yatakusaidia. Tarbushi, au kofia ya kitambaa yenye ulimi unaofunika kisogo, vitambaa vimezungushwa miguuni na nyayo ziko wazi: hapo mara nyingi unaangalia wakati wa Vita vya Kwanza au karibu yake. Pama iliyokunjwa upande mmoja huelekea zaidi Vita vya Pili. Ukiona mtu wa pwani aliyepigana 1914 au 1915, usikimbilie KAR tu. Mombasa ilikuwa na kikosi chake cha Waarabu chini ya Meja Wavell, aliyeuawa mahali paitwapo Mwele Januari 1916.

Tepe za medali hukaa kifua cha kushoto. Ukiziona kulia, huenda picha ilichapwa kinyume, na herufi zote utazisoma kama kwenye kioo. Rangi nazo zinadanganya, maana filamu nyingi za zamani zilionyesha nyekundu kama nyeusi na buluu kama nyeupe. Na kama medali zenyewe zimo kwenye kasha, angalia ukingoni. Zile za fedha za Vita vya Kwanza kwa kawaida zimechongwa namba na jina la mwenyewe. Za Vita vya Pili walizopewa watu wetu aghalabu hazina jina.

Mimi nilirudi kwenye bega. Niliiskani picha saiba kwa nukta 1,200 kwa inchi, halafu nyumbani usiku nikazima taa na kuimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukitambaa juu ya karatasi. Vikatokea vichuma vitatu: E.A.A. Si KAR kabisa. Ni East African Artillery, watu wa mizinga.

Herufi peke yake hazikutosha, kwa sababu Mombasa yenyewe ilikuwa na mizinga ya kulinda bandari, na angeweza kumaliza vita bila kuvuka hata Likoni. Lakini ziweke pamoja na ile Mfungo Nne. Tarehe 5 Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, ndani yake wakiwamo wanajeshi wa 301 Field Regiment, East African Artillery. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu 1,297.

Nikaingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iko wazi na haina malipo. Hapa unahitaji subira. Makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, kwa hivyo jaribu bila "bin", jaribu na jina la baba peke yake, badili L iwe R. Mimi nilimpata kwa jaribio la sita, jina lake likiwa limepoteza herufi mbili. Tarehe: 12 Februari 1944. Jina lake liko kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, pamoja na wengine wasio na kaburi. Ila jua kwamba orodha ile ni ya waliokufa tu. Kama babu yako alirudi mzima, utajichosha bure. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, kisha uende Nyaraka za Taifa, Moi Avenue ya Nairobi.

Burma, basi, hakuifika. Miaka yote tulikuwa tukitazama upande usio wake, na safari yake ilianzia Kilindini, mahali ambapo kutoka kwetu unakwenda kwa miguu.

Ile picha ya fundi bado iko ukutani sebuleni, kwa sababu mama anaupenda ule uso. Ile nyingine nimeiweka kwenye bahasha ya karatasi, imelazwa kifudifudi, penseli juu.