Barua kwa mwanangu: akiba ya watoto iwekwe wapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeuliza kipi ni salama zaidi kwa wajukuu wangu: akaunti ya watoto ya benki, bima ya elimu, au hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali fedha ikulipe riba na kukurudishia mtaji mwishoni. Kabla ya kuchagua, andika kando ya jina la kila mtoto mwaka ambao fedha itahitajika. Mkubwa ana miaka saba, kwa hiyo hadi afike 18 imebaki 11. Mdogo ana miwili, imebaki 16. Anza na miaka hiyo, maana mahali palipo salama kwa miaka miwili panaweza kuwa pa hasara kwa miaka kumi na sita.

Tuseme benki inalipa riba ya 5% kwa mwaka na bei za vitu zinapanda 6%. Ukiweka 100,000 leo, baada ya miaka 16 mtoto atakuta kama 218,000, lakini ada ambayo leo ni 100,000 itakuwa imefika 254,000. Hakuna aliyeiba, benki haikufilisika, na bado mtoto amepungukiwa. Akaunti hiyo itumieni kukusanyia fedha, na kuhifadhi zile zitakazotumika ndani ya miaka miwili. Ulizeni kama benki imo kwenye bima ya amana, ile inayowalipa wateja benki ikifilisika, na kikomo chake ni kiasi gani. Mara nyingi kikomo huhesabiwa kwa mteja katika benki moja, hivyo kufungua akaunti tatu humo humo hakuongezi kinga.

Hatifungani ndizo ningezipa uzito mkubwa, ila zina mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Riba yake kwa kawaida hulipwa kila miezi sita na kuingia kwenye akaunti yako. Haijijumlishi yenyewe kwenye mtaji. Hatifungani ya 100,000 kwa 10%, miaka 15, ikiwa riba yote inaliwa nyumbani, jumla ya ulichopokea hadi mwisho ni 250,000, na mkononi imebaki 100,000 tu. Riba hiyo hiyo ikiwekezwa upya kila inapoingia, kwa kiwango hicho hicho, unafika karibu 432,000. Basi akaunti inayopokea riba iwe ya peke yake, isiyo na kadi, na kila ikitosha kiwango cha chini cha kununulia, nunueni tena.

Mtego wa pili ni tarehe. Usimnunulie mkubwa hatifungani ya miaka 15 kwa sababu tu riba yake inavutia. Fedha ikihitajika kabla haijaiva, yaani kabla ya tarehe ya kurudishiwa mtaji, itabidi uiuze sokoni. Kama riba za sokoni zimepanda kutoka 10% hadi 13% na imebaki miaka kumi, ile ya 100 utaiuza kwa takriban 83. Chagua inayoiva mwaka mmoja kabla ya ada, na uishike hadi mwisho. Wala usidhani serikali haiwezi kushindwa kulipa: mwaka 2012 Ugiriki ilipunguza kwa zaidi ya nusu thamani iliyoandikwa ya hatifungani zilizokuwa mikononi mwa wawekezaji binafsi. Ndiyo sababu sisemi uweke zote humo.

Kuhusu bima ya elimu, yaani bima ya maisha yenye akiba ya mtoto ndani yake, wakala ataisifia sana, na jambo moja analolisema ni kweli: mzazi akifariki, mtoto analipwa. Lakini michango ya miaka ya mwanzo huliwa kwa sehemu kubwa na kamisheni na gharama, hivyo ukivunja mkataba mwaka wa kwanza au wa pili unaweza kurudishiwa kidogo sana au usipate kitu. Mwombe jedwali la mwaka kwa mwaka la kiasi utakachorudishiwa, na usome safu ya kilichohakikishwa. Ile ya makadirio iache. Mimi ningekata bima ya maisha ya kawaida, ya muda maalumu, isiyo na akiba ndani yake, kwa wewe na mumeo, halafu akiba nikaiweka kwingine.

Kwa mdogo, sehemu moja kati ya tatu inaweza kwenda kwenye mfuko wa pamoja wa hisa za kampuni nyingi, kwa kuwa ana muda wa kungoja soko liinuke. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilishuka kwa zaidi ya theluthi. Anayelipa ada mwaka kama huo anaumia. Kwa hiyo miaka mitano kabla ya tarehe yake, anza kuhamisha sehemu moja kati ya tano kila mwaka kwenda kwenye amana za benki. Angalia pia makato ya mfuko. Kila 1,000 ya mwezi kwa miaka 15, ikikua kwa 8% kwa mwaka, inafika kama 346,000. Makato yakila 2% kila mwaka, inabaki 291,000 hivi.

Kabla ya hayo yote, wekeni akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi ya nyumba, na mlipe kwanza mikopo yenye riba kubwa. Akiba za watoto huvunjwa zaidi na ugonjwa au kupoteza kazi kuliko na benki kufa.

Mwisho, jina. Kilichoandikwa kwa jina la mtoto huwa chake kisheria akifikia utu uzima, hata kama akili yake iko kwingine. Kama hilo linakutia wasiwasi, iandikeni kwa majina yenu wawili, na kwenye wosia mtaje mtoto na mdhamini wake. Orodhesha akaunti, namba zake na mahali vyeti vilipo, kisha nakala moja niletee niitunze.

Mama yako