Swichi za mekanika au za mwanga: angalia matengenezo kabla ya kasi

Anayetafuta kibodi nzuri ya kuandikia hukutana upesi na swali la swichi, yaani kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe, kinachotambua kwamba kimebonyezwa. Nimeandika kutwa kwa kutumia aina zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba suala la kasi, ambalo ndilo linalopigiwa debe kwenye matangazo, lisikushughulishe sana.

Ndani ya swichi ya mekanika mna vipande viwili vya metali vinavyogusana kitufe kinapobonyezwa. Vikigusana hudundadunda kidogo kabla ya kutulia, ndiyo maana kibodi husubiri milisekunde chache, mara nyingi kama 5, ili mbonyezo mmoja usihesabiwe kuwa miwili. Swichi ya mwanga haina mgusano huo: kitufe kikishuka, mwali wa infraredi hukatwa au huachiliwa, na kihisi hutambua papo hapo. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila vidole vya mwandishi haviihisi. Labda wacheza michezo ya kasi ndio wenye sababu ya kuijali.

Linalomgusa mwandishi ni uchakavu. Metali ikiingia vumbi au kutu, herufi huanza kujirudia. Kwenye kibodi yangu ya mekanika, swichi iliyoharibika ni ya "a", na "kufa" ikawa inajiandika "kufaa", kosa ambalo kikagua tahajia hakiwezi kulinasa. Swichi ya mwanga haina metali ya kuchakaa namna hiyo.

Hata hivyo, bado naegemea mekanika, kwa sababu inatengenezeka. Kwenye bodi ya saketi yenye soketi, yaani matundu ya kuchomekea swichi, swichi mbovu ya mtindo wa Cherry MX (umbo la swichi linaloigwa na watengenezaji wengi) huchomolewa kwa kibanio kidogo na nyingine, hata ya mtengenezaji tofauti, huchomekwa bila kulehemu; kitu cha kuangalia ni miguu yake miwili myembamba, ambayo hupinda kirahisi ukiisukuma upande. Swichi za mwanga hutegemea vihisi vilivyopangwa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo kwa kawaida hufungwa kwenye mfumo wa mtengenezaji mmoja, na kihisi kikifa, kubadilisha swichi hakusaidii.

Wepesi au uzito wa kitufe hutokana na springi na umbo la shina (kipande kinachoshuka pamoja na kitufe), wala si mwanga au metali. Cherry MX Red, kwa mfano, husajili mbonyezo kwenye milimita 2 kati ya 4, kwa nguvu ya sentinyutoni 45 hivi. Ukipendelea za mwanga kwa ajili ya vumbi, ni uamuzi mzuri; hakikisha tu kwanza kwamba swichi zinachomoleka na kwamba vipuri vyake vinauzwa peke yake.