Mliuliza kuhusu nyumba, mimi nawajibu kuhusu mirathi

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mashamba ya kale ya familia pembezoni mwa Nairobi, yale yenye nyumba za mawe na bustani za matunda, yalindwe kama urithi wa taifa, au wenyewe waachwe wayakate ploti?

Jibu langu la haraka ni yalindwe. Anayepinga apite Ruaka, Ndenderu hadi Banana ahesabu kahawa iliyobaki. Tumegeuza Kiambu yote kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na sasa tunashangaa kwa nini mvua kidogo tu inaingia sebuleni.

Lakini mmeuliza kana kwamba wa kulinda ni serikali na wa kukata ni bwanyenye mwenye tingatinga. Mimi nimetoka kwenye familia iliyokuwa na shamba la aina hiyo, upande wa Limuru. Sisi hatukukatwa na bwanyenye yeyote. Tulikatana wenyewe, kwa amani, tukiwa tumevaa nguo za Jumapili.

Kwanza historia kidogo, maana inasimuliwa nusu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na haikuchukua muda walowezi wakafuata njia hiyohiyo wakitafuta baridi. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa mikataba ya miaka 999. Ukienda Kiambethu, pale Tigoni, utaambiwa jinsi mzee McDonell alivyonunua shamba mwaka 1910, akajaribu mazao kadhaa yakamkatalia, mpaka 1918 alipopanda chai. Ni habari ya kweli na ni nzuri, na kizazi chake kimeitunza ile nyumba vizuri kuliko sisi tulivyotunza yetu. Sina ugomvi nao.

Ila matuta hayo yalikuwa mashamba ya familia kabla ya mkataba wowote. Kila mbari, yaani ukoo, ilikuwa na githaka yake, ardhi ya pamoja, na githaka ilikuwa na muramati, mzee aliyeisimamia kwa niaba ya wote bila ruhusa ya kuiuza peke yake. Tume ya Carter, ile ya wakoloni kuhusu ardhi, ilipotoa ripoti yake mwaka 1934, watu waliobaki Tigoni waliambiwa wahamie Lari ili ramani ya wazungu inyooke. Wengine walikubali, wengine wakaapa hawatoki. Chuki iliyozaliwa hapo ilikuwa bado hai usiku wa tarehe 26 Machi 1953, Mau Mau walipoivamia Lari na kuichoma moto. Kwa hiyo mtu akiniambia "urithi", nauliza kwanza anaanza kuhesabu kutoka mwaka gani.

Sasa shamba letu. Guka, babu yangu, alikuwa nyapara wa mlowezi. Baada ya uhuru mlowezi alifunga virago, na Guka na wenzake wanne wakachanga, wakakopa, wakanunua. Wenzake waligawana upande wa chai. Yeye akaachiwa nyumba na bustani ya matunda, kwa sababu, alivyozoea kusema Cucu, nyanya yangu, wale wengine hawakutaka miti isiyoliwa na maharagwe.

Nyumba ilikuwa ya mawe hadi usawa wa madirisha, juu mbao, paa la mabati yaliyopakwa rangi nyekundu. Nyuma yake bustani ilishuka kuelekea mtoni: plamu nyekundu safu nyingi, mapeasi safu mbili, na ukingoni kabisa, karibu na ua, safu moja ya plamu ndogo za njano, chachu, ambazo hata watoto hawakuziiba. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na ile baridi ya Juni na Julai tunayoilalamikia ndiyo inayotakiwa na plamu. Mti usipopata baridi haulali, na usipolala hauchanui sawasawa. Ndiyo maana plamu utazikuta Limuru na Kimende, si Ruiru. Kuvuna kulikuwa kuanzia kama Krismasi, na vibarua walilipwa kwa ndoo. Cucu aliipokea kila ndoo kwa kutumbukiza mkono mpaka chini, kwa maana binamu zangu walikuwa na mtindo wa kuweka zilizopondeka chini na nzima juu.

Guka alifariki bila wosia. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika 1981 haibagui mtoto wa kiume na wa kike, ingawa wazee wengi wa kwetu walijifanya hawajaisikia. Walikuwa watoto watano: baba mkubwa, baba yangu, baba mdogo, shangazi aliyeolewa Githunguri, na shangazi mkubwa ambaye hakuolewa. Huyu wa mwisho ndiye aliyeendesha bustani tangu Guka alipoanza kuumwa na magoti. Yeye ndiye aliyepogoa, aliyebishana na madalali wa soko la Marikiti, aliyejua mti upi una ukoga. Kwenye vikao vya familia alikuwa akipika.

Siku ya saveya, mpima ardhi, naikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Alikuja na kijana wa kubeba mashine ya miguu mitatu na mwingine wa panga. Kibali cha bodi ya ardhi kilikuwa tayari, kwa sababu shamba la kilimo haligawanywi bila hicho, na baba mkubwa alikibeba ndani ya Biblia. Cucu alitoa chai na viazi vitamu. Watu walikuwa wakicheka, si kwa furaha, kwa ule woga wa kuogopa kuonekana unaogopa.

Saveya alisema jambo moja lililoamua kila kitu: kila mtu lazima aguse barabara. Kwa hiyo shamba lilikatwa vipande virefu vyembamba, kutoka barabarani hadi mtoni, kama mtu anayechana mkeka. Safu za miti nazo zilishuka hivyohivyo, basi kila mmoja akapata safu zake nzima. Wote waliona ni bahati. Baba mkubwa akapewa kipande chenye nyumba, na mstari ukapita futi chache kutoka veranda, kwenye mzizi wa peasi la kwanza. Kijana wa panga akauliza kama aukate mzizi au asogeze bikoni, alama ya mpaka. Mjadala wa bikoni hiyo ulichukua muda mrefu kuliko ule wa shamba zima. Baba yangu alisema isogezwe upande wa baba mkubwa, baba mkubwa akasema mzizi si mtu, baba mdogo akasema yeye hahusiki ila jua linazama. Mwishowe mzizi ulikatwa. Nakumbuka rangi yake, ya waridi hafifu, na lile panga likipanguswa kwenye majani.

Shangazi mkubwa alikuwa hajafungua kinywa. Saveya alipokuwa akijaza karatasi zake, akakaribia na kuuliza, "Mwanangu, mimi umeniandika kwa jina gani?" Saveya akasoma: "Binti wa..." Shangazi akamkatiza. Akatoa kitambulisho kwenye leso, akamsomea majina yake matatu, herufi kwa herufi, halafu namba. Akamwambia arudie. Saveya akarudia. Akamwambia amwoneshe. Alitoa miwani ya Cucu aliyokuwa ameiazima, akatazama ile karatasi kwa muda, akairudisha, akaenda kutoa vikombe. Baba mdogo alicheka akasema, "Huyu amefikiri ni cheti cha ubatizo." Hakuna aliyecheka naye.

Baba mdogo ndiye aliyepata ule ukingo wenye plamu za njano. Hazikuwa na soko, kwa hiyo alizikata zote msimu huohuo akajenga vyumba vya mabati vya kupangisha. Sote tuliona ni busara. Mwaka uliofuata safu nyekundu zilichanua nyeupe kama kawaida, nyuki wakaja, na matunda yakawa ya kuokota hapa na pale. Mwaka wa pili hivyohivyo. Baba mkubwa akasema ni dawa za mashamba ya maua. Cucu akasema Guka amekasirika. Hatimaye bwana shamba akaletwa, akatembea kidogo, akauliza, "Hapa ukingoni palikuwa na plamu ya aina nyingine?" Akatueleza kwamba plamu za aina nyingi hazijitungishi zenyewe. Zinataka chavua ya aina tofauti inayochanua wakati uleule. Mlowezi, au yeyote aliyempangia bustani, alipanda zile chachu makusudi, ziwe waume wa shamba zima. Shangazi naye alijua kwamba haziondolewi, kwa sababu Guka alimkataza, ila hakuwahi kuambiwa sababu.

Hapa ndipo nilitaka kupiga nyundo: mnaona kugawa kunavyoua? Lakini nikiandika, yule shangazi hanitoki.

Kwa maana fikirieni namna shamba la familia linavyodumu. Uingereza, ambako mashamba yenye jumba na bustani yamekaa kwenye ukoo mmoja miaka mia tatu, mbinu ilikuwa moja: kifungua mimba wa kiume anachukua yote, wadogo zake waende jeshini au kanisani, dada zake waolewe. Na hata hivyo kodi za mirathi zilipopanda, majumba mengi yaliishia mikononi mwa National Trust, shirika lililoundwa 1895. Githaka yetu nayo ilidumu, lakini binti hakuwa na sehemu ndani yake ila kwa mume. Shamba la mlowezi lilidumu kwa sababu waliolilima walikuwa na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Kila mahali nikitazama palipobaki pazima, namwona mtu aliyenyimwa ili pabaki hivyo. Kwetu, wa kunyimwa angekuwa yeye, na bustani ingekuwa bado inazaa kwa jasho lake.

Alichofanya na kipande chake? Alikata nusu ya plamu, akapanda mboga, akajenga vyumba vinne vya mawe kando ya barabara. Hakumwomba mtu karo ya watoto wa dada yake aliowalea. Kwenye vikao siku hizi anakaa, na chai analetewa.

Na hata lile shamba ambalo kila mgeni wa Nairobi hupelekwa, la Karen Blixen, lilikuwa karibu ekari 6,000. Kahawa ilipomshinda akaondoka 1931, na ardhi ikakatwa ikawa mtaa. Kinachotembelewa ni nyumba tu, iliyotolewa na serikali ya Denmark kama zawadi ya uhuru na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1986. Tunauita urithi uliolindwa, nao ni ploti iliyobahatika.

Basi kura yangu. Neno "yalindwe" silifuti, ila lisomwe hivi: nyumba chache zenye habari inayowahusu wengi zitangazwe kuwa urithi wa taifa, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaruhusu, lakini anayezitangaza alipie paa. Mengine yote, familia zigawane, na mabinti waandikwe kwa majina yao. Najua kuna wanaosema suluhisho ni amana ya familia, ambayo sheria imeitambua tangu 2021. Pengine. Lakini amana inataka msimamizi, na katika familia yangu msimamizi angekuwa baba mkubwa.

Nikiitwa tena kushuhudia mgawanyo ule, nitashuhudia. Ila nitadai ile safu ya plamu za njano iandikwe kwenye ramani kuwa ya wote, kama inavyoandikwa njia ya kwenda mtoni. Baba mdogo atakataa, na saveya ataongeza ada.

Msomaji wenu, Uthiru