Waturuki walitolewa kwenye F-35, mimi nilitolewa kwenye sofa

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, tuliungana wanne, hela nimetoa, wenzangu wamenitoa kwenye mradi. Nifanyeje?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa. Kidonda chenyewe bado kibichi.

Nianze na Uturuki, maana kesi yake ndiyo iliyonifungua macho. Uturuki ilijiunga na mradi wa F-35, ndege vita ya Marekani iliyoundwa isionekane kirahisi kwenye rada, mwaka 2002, ikapanga kununua ndege 100. Haikuwa mteja wa kusimama dirishani. Viwanda vyake vilitengeneza vipuri zaidi ya 900, hadi sehemu ya kati ya mwili wa ndege. Juni 2018, kule Fort Worth, Texas, ilikabidhiwa ndege ya kwanza kwa sherehe. Marubani wake wakaanza mafunzo Marekani. Ndege zenyewe hazikuwahi kufika nyumbani.

Kosa lao? Walitaka makombora ya kujihami ya Patriot ya Marekani, wakashindwana juu ya bei na kugawana teknolojia. Wakaenda kwa Mrusi, wakanunua S-400, makombora yake ya kutungulia ndege. Marekani ikasema rada za S-400 zikikaa karibu na F-35 zitajifunza namna ya kuiona, na siri itamfikia Mrusi. Julai 12, 2019 shehena ya kwanza ilitua karibu na Ankara. Siku tano baadaye Uturuki ikatolewa kwenye mradi, na uanachama wake wa NATO, ule muungano wa kijeshi ambao Marekani nayo imo, uko palepale. Zaidi ya dola bilioni moja walikuwa wameshalipa.

Sasa mimi. Keko, Dar es Salaam, tulikuwa mafundi wanne, tukabuni sofa letu moja la kisasa. Mmoja sponji, mmoja vitambaa, mmoja fremu, mimi miguu. Miguu yangu ilikuwa inakerezwa vizuri kuliko ya mtu yeyote mtaa ule, na hili nalisema bila aibu. Mashine yangu ya kukereza ikafa. Nikawaomba wenzangu tuchange tununue nyingine, wakanizungusha wiki sita. Mshindani wetu wa barabara ya pili akaniazima yake, kwa sharti moja: fundi wake aje nayo.

Yule fundi alikuwa mpole, anakunywa chai yake kimya. Lakini vipimo vya sofa letu nilivibandika ukutani, juu kabisa ya ile mashine. Siku mwenzetu wa fremu alipoingia, aliangalia ukuta, akaangalia fundi, hakusalimia mtu. Jioni nikaitwa, nikaambiwa basi.

Niliumia. Bado naumia, kwa sababu hakuna aliyeuliza wiki sita zile nilikuwa naishije. Na ajabu yake, miguu waliendelea kuchukua kwangu miezi minne! Marekani nayo iliendelea kununua vipuri vya Uturuki kwa muda baada ya kuitimua. Ukiwa na faida watakutumia huku mlango umefungwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujaweka hela, uliza: nikitoka natokaje, na changu narudishiwa lini? Iandikwe. Usijidanganye kwamba huwezi kuguswa kwa sababu kazi yako ni nzuri. Na usilete kifaa cha mshindani ndani kabla hujawaambia wenzio, hata kama wamekuudhi. Vijana hamtaki kusikia hili la kuandikishana, mnasema sisi ni ndugu. Undugu wa wapi, kama hela zimo humo? Andikeni!

Uturuki haikukaa kulia. Februari 2024 ndege vita yake ya KAAN iliruka kwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja kabla, Marekani ilikubali kuiuzia ndege vita mpya 40 aina ya F-16. Walirudi kuongea, baada ya miaka. Mimi na wale watatu tunasalimiana msikitini, ila hesabu yangu ya mbao na vanishi hawajaifunga mpaka leo. Ninayo kwenye daftari la bluu, ukurasa wa nne.